Ua Lililokatika Kwenye Mshono

Dada yangu alikuwa na alama yake ya mkono kwa kila mtu aliyemjua. Mama alikuwa kidole puani, pale penye kipini. Baba alikuwa mkono unaokwenda mbele na kurudi nyuma, maana alikuwa fundi seremala na randa haikumtoka mkononi. Mimi nilikuwa sikio lililovutwa. Majirani zetu wa Mlandege waliipenda sana alama hiyo. Walisema huyu mdogo ndiye sikio la mwenzake, nami nilivimba kichwa na kuwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba mama alipotaka kunitia adabu hakunishika pengine ila sikio, na alinitia adabu karibu kila siku.

Dada alinizidi miaka mitatu. Homa kali ilimpata akiwa na miaka miwili, ikamwachia kila kitu isipokuwa kusikia. Watu walimwita bubu. Hakuwa bubu. Alikuwa na sauti, tena kubwa, ya kuchekea na ya kukasirikia, na aliyemkanyaga mguu aliijua. Nilipigana na watoto wa mtaani kwa sababu ya neno hilo mpaka gauni zangu zote zikawa na viraka begani, na hata leo nikilisikia likitamkwa ovyo sikai kimya.

Chuoni, kwa bibi aliyetufundisha Kurani, hakuna aliyemwona kuwa tatizo. Chuo chetu hakikuwa na darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto alikuwa na mahali alipofikia, na wote tulisoma kwa sauti wakati mmoja, kila mtu na lake, na wakubwa wakiwaonyesha wadogo. Katika makelele yale, asiyesikia hakupungukiwa na kitu. Bibi alimpa kijiti cha kufuatia mistari na ubao wa kuandikia, na dada akaandika herufi nzuri kuliko zetu sote.

Skuli ilikuwa mambo mengine. Nilipelekwa kuandikishwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, wakati milango ilipofunguliwa kwa kila mtoto na ua wa skuli ulijaa wazazi waliovaa nguo zao za kutokea. Dada alikuwa na miaka kumi na hakuwahi kukanyaga darasani. Mama alitushika mikono wote wawili, akatusimamisha mbele ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alinikubali mimi, kisha akaeleza kwa upole kwamba kwa yule mkubwa hapakuwa na mwalimu wa namna yake Unguja nzima, na viti navyo havitoshi.

Mama alikuwa mshonaji wa kofia, mtu wa maneno machache.

"Basi mkalishe na mdogo wake," alisema. "Kiti kimoja kinawatosha. Si unaona wote wembamba?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza kusoma, watu wawili kwenye kiti kimoja. Katika orodha ya mahudhurio tulikuwa mtu mmoja, kwa kuwa lililoandikwa lilikuwa jina langu tu.

Mwalimu wetu alikuwa msichana aliyetoka mafunzoni juzi juzi, mwenye miwani iliyokuwa haikai puani. Alama yake, bila shaka, ilikuwa kusukuma miwani juu. Siku ya kwanza aliandika ubaoni huku akisema, mgongo ukiwa kwetu. Dada alilipiga dawati kwa kiganja, tukaruka sote. Mwalimu aligeuka amekasirika. Nilimwambia kwamba dada yangu husoma midomo, na mdomo wake yeye Mwalimu ulikuwa ukiutazama ubao. Alifikiri kidogo, akasema tena yote aliyoyasema, safari hii akitutazama. Tangu siku hiyo aliandika kwanza, akageuka, ndipo akasema. Alisahau mara nyingi, na kila aliposahau dawati lilipigwa. Aliendelea nasi mwaka hadi mwaka, darasa baada ya darasa, na sidhani kama kuna mwalimu aliyefunzwa kazi vizuri kama yule, na aliyemfunza alikuwa mwanafunzi wake.

Wenzetu nao walijifunza. Watoto arobaini na kitu waligundua kwamba kwa mikono ya dada mtu anaweza kusengenya darasa zima bila kutoa sauti. Haukupita muhula kila mtoto alikuwa na alama yake, na nyingine siwezi kuziandika hapa. Darasa letu likawa kimya kuliko yote, na mwalimu mkuu akatusifu mbele ya skuli nzima kwa nidhamu. Dada aliponiuliza mbona watu wote wanacheka kwa kujiziba midomo, nilimweleza, naye akacheka kwa ile sauti yake kubwa peke yake.

Sasa niseme jambo ambalo nimelificha kuliko hata ninavyouficha umri wangu.

Hesabu zilinishinda. Sikuwa mvivu, na kusoma nilisoma upesi, lakini tarakimu zilikuwa hazitulii machoni mwangu. Nilitazama mia na sitini na nane, nikaandika mia na themanini na sita, na niliporudi kutazama sikuona kosa liko wapi. Siku hizi nasikia hali hiyo ina jina, na wapo walimu wanaojua la kufanya. Wakati ule jina lake lilikuwa ujinga, na mimi, sikio la dada, mtoto aliyesifiwa mtaa mzima, sikuwa tayari kuitwa mjinga. Basi kila tulipopewa hesabu nilisubiri dada amalize, nikachungulia daftari lake, nikaandika alichoandika. Alikuwa na tabia ya kulisukuma daftari kwa kiwiko mpaka katikati ya dawati. Nilidhani anajinyoosha.

Hesabu za dada hazikutoka skuli peke yake. Zilitoka kwenye kofia. Ukanda wa kofia unaozunguka kichwa hutobolewa vitundu vidogo, kila kitundu kikazungushiwa uzi, na vitundu ndivyo vinavyofanya maua. Ukanda aliokuwa akiushona mama ulikuwa na nafasi ya vitundu mia na sitini na vinane. Ua moja lilichukua kumi na vinne. Ukigawa sawasawa unapata maua kumi na mawili kamili, na pale nyuma ncha mbili zinapounganishwa, ua la mwisho linasimama karibu na la kwanza kana kwamba hapana mshono. Ukikosea kitundu kimoja katika kila ua, utajua mwisho, na mwisho hapana la kufanya, maana kitambaa kikishatobolewa kimetobolewa. Dada alikuwa akigawa kwa macho, bila karatasi.

Tulipokuwa darasa la nne mama alinipa ukanda wangu wa kwanza. Nilitoboa kwa makini siku nyingi, nikitoa ulimi. Nilifika mwisho nikiwa na maua kumi na moja, na la kumi na mbili lilikuwa na vitundu vitatu tu, limekatika kwenye mshono kama uso uliofungiwa mlango. Nilikuwa nimetia vitundu kumi na vitano kila ua. Kitambaa siku hizo kilipatikana kwa kupanga foleni, na nilisubiri mkono wa mama uje sikioni. Haukuja. Aliutazama ule ukanda, akautundika kwenye msumari ukutani, akaendelea na kazi yake. Hilo lilinitisha kuliko kuvutwa.

Mwaka huo huo akaja mkaguzi. Alikuwa bwana mtu mzima, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na sitaki kumsingizia: alikuwa na haraka, lakini hakuwa mbaya. Alipita dawati hadi dawati. Alipofika kwetu aliuliza kwa nini hapa wamekaa wawili. Mwalimu akamweleza. Mkaguzi aliyachukua madaftari yetu ya hesabu akayaweka pamoja. Majibu yalikuwa sawa, ukurasa kwa ukurasa, na hata pale dada alipokosea mara moja, mimi nilikosea pale pale.

Alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema mbele yangu, akiwa amempa dada mgongo, kwamba hii ni kazi ya mdogo, na mkubwa ananakili asichokielewa. Alisema nafasi za darasa la tano ni chache, na si haki kumpandisha mtoto asiyefaidika. Angerudi Alhamisi kukamilisha taarifa yake, na taarifa ingesema huyu mkubwa abaki nyumbani ajifunze kazi za mikono. Mwalimu alijaribu kusema kitu, akaambiwa angoje. Kisha mkaguzi akaniwekea mkono kichwani, akasema nina moyo mzuri na akili nyingi.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilipaswa kusema pale pale, na sikusema.

Dada aliniuliza kwa mikono, bwana huyu anasema nini? Nami, sikio lake, niliyekuwa nimekabidhiwa kazi moja tu duniani, nikamjibu kwamba anakusifu. Uso wake ukang'aa. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akamwinamia mkaguzi kumshukuru. Yule bwana alishtuka, naye akainama kidogo. Niliwatazama wakiinamiana, nikatamani sakafu inifunike.

Nyumbani dada alimsimulia mama mambo yote, mikono ikimwenda mbio: bwana mkubwa, kalamu mbili, amenisifu. Mama alitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi, nami nikajitia nina shughuli na mtungi. Siku mbili zilizofuata sikumbuki nilikula nini. Kila nilipogeuka dada alikuwa akishona huku akitabasamu.

Jumatano baada ya alasiri Mwalimu alibisha hodi. Dada alikuwa ndani akipiga pasi, mimi nikajibana nyuma ya mlango. Mwalimu alikaa kwenye mkeka akamweleza mama kila neno la mkaguzi, akasukuma miwani, akasema amefika mpaka kwa mwalimu mkuu na hakuambulia kitu. Alisema anaona haya kuja na habari hii. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaushusha ule ukanda wangu kutoka kwenye msumari, akamwekea mapajani.

"Huu kaushona mdogo," alisema. "Mkubwa hajakata ua hata mara moja."

Mwalimu aliyapitisha maua kidoleni moja moja mpaka akafika kwenye vile vitundu vitatu. Nilimwona akihesabu. Aliinua macho yakakutana na yangu kwenye upenyo wa mlango, na sote tulijua kwamba amejua. Hakuniita. Aliukunja ukanda, akaomba ruhusa ya kuuchukua, akaaga akaenda zake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba wale wanawake wawili walikubaliana, bila kusemezana, kuniachia mimi niseme mwenyewe.

Nilimkuta dada bado na pasi. Nilimgusa bega nikamweleza yote: alichosema mkaguzi, nilichomwambia mimi, na kwamba Alhamisi ni kesho. Nilikwenda mbio hata nikalazimika kurudia. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye ninayemwibia hesabu, miaka yote.

Hilo la mwisho halikumshtua hata kidogo. Alitoa kiwiko, akasukuma daftari lisilokuwepo mpaka katikati ya meza ya pasi, akanitazama kama mtu anayengoja mjinga aelewe. Alikuwa akinipa. Tangu darasa la kwanza alikuwa akinipa, na aliwaacha watu wote wafikiri mimi ndiye ninayembeba, ili nisichekwe. Nililia. Aliponiacha nikalia kiasi alichoona kinatosha, alilishika sikio langu akalivuta kwa nguvu ambazo mama hakuwahi kuzitumia. Hilo lilikuwa la ule uongo.

Alhamisi mkaguzi aliingia na taarifa yake mkononi. Tulimwamkia, akaitikia, akafungua kofia ya kalamu. Nilisimama.

"Maalim, si yeye anayenakili kwangu," nilisema. "Mimi ndiye nnayenakili kwake."

Darasa lilinyamaza, na safari hii hata mikono ilinyamaza. Mkaguzi alitabasamu. Alisema ni vizuri kumpenda dada yako, lakini uongo haufai hata wa mapenzi. Ndipo Mwalimu, ambaye hakuwahi kumkatiza mkubwa wake maishani, akasukuma miwani akasema kwamba kama Maalim ana shaka, basi watoto watenganishwe.

Tukatenganishwa. Dada aliwekwa mbele, mimi nyuma kabisa dirishani, na kati yetu darasa zima. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbali naye tangu tuanze skuli. Mkaguzi aliandika hesabu tano za kugawanya ubaoni. Nilizitazama zikianza kuhamahama. Sikuwa na kiwiko cha mtu karibu yangu. Niliandika nilichoweza, na nilijua ninaandika upuuzi, na kwa mara ya kwanza kuandika upuuzi kulinipa raha.

Dada alimaliza mkaguzi akiwa bado anatafuta pa kukaa. Alilichukua daftari lake, akatia alama ya sahihi mara nne, na kwenye ya tano akatia alama ya kosa. Dada aliitazama ile alama. Kisha akalipiga dawati.

Wote tuliruka, isipokuwa Mwalimu, aliyekuwa amezoea. Dada aliinuka akachukua chaki. Akaandika jibu lake ubaoni, akalizidisha na kigawanyo, hatua kwa hatua, kwa ule mwandiko wake mzuri wa chuoni, mpaka ikatoka namba ile ile aliyoiandika mkaguzi mwenyewe. Akapangusa vidole akarudi kitini. Mkaguzi alitoa kikaratasi akafanya hesabu upya. Alifanya mara mbili. Wale watoto arobaini na kitu walimtazama, na sijawahi kuona fahari ya namna ile kwenye nyuso nyingi kwa pamoja. Kisha aliichukua kalamu akaifuta ile alama ya kosa, akatia ya sahihi.

Akaja kwangu. Sahihi sikupata hata moja. Aliyashika madaftari mawili, moja mkono huu na moja huu, kama siku ile. Aliuliza, na huyu je, tumfanyeje? Sikuwa nimeifikiria hatari hiyo. Nilikuwa nimemtoa dada nikajiingiza mwenyewe.

"Huyu atabaki alipokuwa, Maalim," alisema Mwalimu. "Pembeni ya dada yake."

Mkaguzi aliikunja ile taarifa ya zamani. Alinigeukia, akasema nimfikishie dada yangu maneno yake, kwamba yeye alikosea. Nilitembea kutoka dirishani mpaka mbele nikamwambia. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Dada alimtazama yule bwana, akaweka mkono kifuani akamwinamia, na safari hii alijua anainama kwa nini.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliandika majina mawili kwenye orodha. Kabla ya kulisoma la dada alikuwa akiinua macho na kumnyooshea kidole, na dada akainua mkono mwenyewe. Mimi niliitikia langu tu. Tuliletewa kiti cha pili, kazi ya baba, kilichokuwa imara kuliko viti vyote vya skuli, na baba alihakikisha kila mtu anajua.

Ule ukanda wangu ulioharibika Mwalimu aliutundika pembeni ya ubao. Nilidhani ni wa kuniaibisha. Kumbe alikata vipande virefu vya karatasi ngumu, akatuambia tutoboe vitundu, ili asiyeweza kuziona tarakimu azipapase. Watoto sita au saba walivitaka vile vipande kabla yangu, na mmoja wao alikuwa bingwa wa kunicheka. Dada ndiye aliyezunguka kuwasahihisha. Alinifundisha kuweka kidole juu ya kitundu nisikiondoe mpaka kingine kifike, na mpaka leo nikihesabu kitu cha maana natumia vidole, na sioni haya.

Tulipanda darasa la tano wote wawili. Yeye alikuwa wa kwanza katika hesabu. Mimi nilipita kwa shida, na pale nilipopita hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili.

Mwisho wa mwaka huo, Idi ilipokaribia, mama alipata kitambaa, akampa dada ashone kofia ya baba. Alishona maua kumi na moja. La kumi na mbili, lile la mshononi, aliliacha tupu, akanipa sindano. Nilimwambia siwezi. Alijifanya haoni mikono yangu.

Siku ya Idi baba aliivaa, tukaenda kwa miguu mpaka Mtoni kwa shangazi kumpa mkono wa Idi. Mama na baba walitangulia, dada akiwa kati yao na gauni jipya. Watu walisimama njiani kuisifu kofia, wakiitazama kwa mbele. Mimi nilibaki nyuma njia nzima, nikilitazama lile ua langu na kulihesabu tena na tena: vitundu kumi na vinne.